Je, wajua kwa nini injini mbili za silinda mbili hazilii sawa?

Kawasaki Ninja 650 na Yamaha MT-07 zinakaribiana sana kwenye karatasi ya muuzaji. Ya kwanza ina cc 649, ya pili cc 689. Zote zina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na zote hupozwa kwa maji. Lakini ziwashe zikiwa pamoja, na hata mtu asiyejua pikipiki atakwambia hizi si injini za aina moja. Kawasaki inanguruma kwa haraka na hupenda kupandishwa mizunguko. Yamaha inadunda kwa mdundo usio sawa, na ukiigusa resi kidogo tu inavuta.

Tofauti iko kwenye kranki, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Kwenye injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, yaani kila nyuzi 720. Pikipiki nyingi za bodaboda zina silinda moja, kwa hiyo hakuna cha kupanga. (Hata Bajaj Boxer inayobeba abiria kote Afrika Mashariki ni ya silinda moja; haina injini ya boksa tutakayoifikia hapa chini.) Ikiongezwa silinda ya pili, mbunifu lazima aamue mlipuko wake uingie lini. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: wanaweza kupokezana kwa nafasi sawa, au mchi wa pili ukafuata wa kwanza upesi, kisha likawepo pengo.

Mpangilio wa zamani zaidi kwa silinda zilizo sambamba ni wa nyuzi 360. Triumph Speed Twin ya cc 498, iliyobuniwa na Edward Turner na kutoka mwaka 1937, ndiyo iliyoueneza kiasi kwamba viwanda vya Uingereza viliufuata kwa miongo. Pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, ila moja inapobana mchanganyiko nyingine inatoa moshi. Milipuko huja kila baada ya nyuzi 360 bila kukosea, na kwa kuwa silinda hunyonya kwa zamu zilizo sawa, kabureta moja inatosha kuzilisha zote.

Gharama yake ni mtetemo. Pistoni mbili husimama juu kwa wakati mmoja, kisha chini kwa wakati mmoja, na kila zinapogeuka huvuta injini nzima. Uzito wa kusawazisha ulio kwenye kranki hauwezi kuufuta mvuto huo, kwa sababu wenyewe unazunguka ilhali pistoni zinapanda na kushuka: unachopunguza juu na chini kinahamia mbele na nyuma. Injini za cc 500 zilivumilika. Zilipofika 650 na 750, nati zilijifungua, waya za ndani ya balbu za taa zikakatika, vishikio vya madigadi vikapasuka, na vidole vya dereva vikafa ganzi. Norton kwenye Commando ya mwaka 1967 haikuuondoa mtetemo, iliutenga tu: injini, giaboksi na uma wa gurudumu la nyuma viliunganishwa pamoja, kisha vikashikwa na fremu kwa mipira. Nafasi ya pembeni kwenye vishikio hivyo hurekebishwa kwa washa (pete nyembamba za chuma) hadi takriban milimita 0.25. Ukibana zaidi, mtetemo unarudi kwenye usukani. Ukiacha nafasi kubwa, pikipiki inayumba kwenye kona. Wenye Commando zinazoyumba wakague hapo kabla ya kununua tairi mpya.

Honda ilipotengeneza CB450 mwaka 1965 ilichagua nyuzi 180: pistoni moja ikipanda, nyingine inashuka. Mivuto ile mikubwa inafutana, ndiyo maana injini hiyo iliweza kutoa nguvu za farasi 43 kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Kinachobaki ni kuyumba kwa pande, kwa sababu pistoni hizo hazipo kwenye mstari mmoja. Upande wa kushoto unavutwa juu huku wa kulia unavutwa chini. Milipuko nayo hailingani: nyuzi 180, kisha nyuzi 540 za ukimya. Ninja 650 iko kwenye ukoo huu.

Yamaha TRX850 ya mwaka 1995 ndiyo iliyoleta sokoni kranki ya nyuzi 270, na hapa ndipo jambo linaponoga. Mlipuko wa pili huja baada ya nyuzi 270, kisha pengo la nyuzi 450. MT-07 iko kwenye ukoo huu. Wengi hudhani ulikuwa ujanja wa kuiga mlio wa Ducati. Huko ni kuionea.

Pistoni haiendi kwa mwendo mmoja. Husimama kabisa juu na chini, na huwa na kasi kubwa karibu na katikati. Kwenye kranki ya 360 au 180, pistoni zote mbili husimama kwa wakati mmoja na kukimbia kwa wakati mmoja. Zinapokimbia huchukua nishati kutoka kwenye kranki, zinaposimama huirudisha. Kwa hiyo kranki hupungua na kuongezeka mwendo mara mbili katika kila mzunguko, na msukosuko huo hupita kwenye mnyororo hadi tairi la nyuma. Hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko ikiongezeka mara mbili, wenyewe unaongezeka mara nne. Kwenye kranki ya 270, pistoni moja inaposimama nyingine iko karibu na kasi yake ya juu. Nishati inahama kutoka pistoni hadi pistoni na kranki inabaki na mwendo tulivu. Anachohisi dereva kwenye resi ni mlipuko wenyewe, bila kelele ya uzito wa pistoni juu yake. Kwenye barabara ya vumbi au lami iliyolowa, hisia hiyo ndiyo inayomwezesha kujua tairi linakaribia kuteleza kabla halijateleza.

Isitoshe, mtetemo mdogo wa pili, ule unaotokea mara mbili kwa kila mzunguko kwa sababu ya mlalo wa konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki), hufutana kabisa kwenye 270. Kwenye 360 na 180 hujumlishana. Unaobaki ni mtetemo wa kwanza, ule wa mara moja kwa kila mzunguko, nao hudhibitiwa kwa mihimili ya kusawazisha inayozungushwa na kranki. Honda Africa Twin ya mwaka 2016, ya cc 998, ina miwili. Kwa faida hizo, watengenezaji wengi wamehamia kwenye 270. Triumph Bonneville iliyorudi mwaka 2001 na cc 790 ilikuwa ya 360, lakini za kuanzia 2016 ni 270. Royal Enfield Interceptor 650 ya mwaka 2018 nayo ni 270.

Ducati, kwa injini yake ya V (silinda mbili zilizotanuka kama herufi hiyo) ya nyuzi 90, iliyobuniwa na Fabio Taglioni na kuingia kwenye 750 GT ya mwaka 1971, hupata mdundo uleule wa 270 na 450. Uzito wa kranki peke yake hufuta mtetemo wa kwanza wote, bila mhimili wa ziada. Ila injini inakuwa ndefu, na silinda ya nyuma hupata upepo kidogo. Harley-Davidson, ambayo ilitoa V yake ya kwanza mwaka 1909, ilishikilia nyuzi 45 na pini moja ya kranki kwa silinda zote mbili, konrodi moja ikiwa na uma na nyingine ikipita katikati yake. Milipuko huja kwa nyuzi 315, kisha 405. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, hiyo ni milisekunde 52.5 na 67.5, na sikio linazipambanua bila shida. Kranki ya 270 kwa mizunguko hiyohiyo hutoa 45 na 75, ya 180 hutoa 30 na 90, na ya 360 hutoa 60 kila mara.

Boksa ya BMW, iliyoanza na R32 ya Max Friz mwaka 1923, hulaza silinda moja kila upande. Pistoni hutoka nje pamoja na kurudi pamoja, kwa hiyo mivuto yake hufutana. Hubaki kuyumba kidogo kwa sababu silinda moja imekaa mbele kidogo ya mwenzake. Milipuko ni sawa kila nyuzi 360. Kwa kuwa kranki imelala kwa urefu wa pikipiki, ukipiga resi ukiwa umesimama pikipiki huinama upande. Si ubovu.

Ubovu hujulikana kwa kubadilika. Mdundo wa asili, hata usiolingana, hujirudia vilevile. Ukisikia unakosa hapa na pale, washa injini ikiwa baridi na baada ya nusu dakika dondoshea tone la maji kwenye kila bomba la moshi karibu na kichwa cha silinda. Bomba lisilochemsha tone ni la silinda isiyowaka; anza na plagi yake, kisha waya na koili. Kama zote zinawaka lakini injini inatikisika ikiwa sailensa (inazunguka bila kupigwa resi) na kushtuka kwenye mwendo mdogo, huenda silinda hazinyonyi sawa. Kagua kwanza nafasi za valvu, kwa sababu kulinganisha kabureta juu ya valvu zilizokosewa ni kazi bure. Kisha pasha injini moto, unganisha geji ya upepo (inayopima mvuto wa hewa) kwenye njia ya hewa ya kila silinda, na geuza skrubu inayounganisha vipepeo (vibao vinavyofungua njia ya hewa kwenye kabureta) hadi mishale ilingane. Fungua resi polepole: mishale inapaswa kupanda pamoja.

Kwenye boksa za BMW za zamani zinazopozwa kwa upepo, valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha kranki hadi alama ya OT (ya pistoni kuwa juu kabisa) ionekane kwenye tundu la ukaguzi. Pistoni zote mbili ziko juu, lakini upande mmoja tu ndio valvu zake zote zimefungwa. Pima huo, milimita 0.10 kwa ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea moshi kwa modeli nyingi za baadaye. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili, OT irudi, kisha pima upande wa pili.