Chozi na buibui wake

Watu wengi humfahamu ndege aitwaye chozi kwa sababu ya dirisha. Dume anakuja, anakidonoa kioo, anaondoka, kesho yake yupo tena. Mwenye nyumba anaanza kuwaza kwamba ndege huyu ana wazimu, au ameleta habari. Hana habari yoyote. Ni msimu wa kuzaa, na kwenye kioo kile ameona dume mwingine, ambaye ni yeye mwenyewe. Ukikifunika kioo kwa upande wa nje kwa siku chache, ugomvi unakwisha.

Wivu huo una hesabu yake. Mwaka 1975 wanasayansi Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao juu ya chozi mabawa-dhahabu nchini Kenya. Maeneo ambayo ndege hao waliyalinda yalipishana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana: kama 1,600. Kumfukuza mgeni humla chozi nguvu takriban mara tatu ya zile za kutafuta chakula, kwa hiyo hagombei kila ua. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, ukiwa tele kila mahali, au ukiwa haba mno, haoni sababu ya kukimbizana na mtu.

Mbochi huunyonya kwa ulimi ulio kama mrija ndani ya mdomo mrefu uliopinda. Anaweza kuelea hewani kidogo, ila kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe. Hapo ndipo watu humchanganya na ndege mvumaji wa Amerika. Hao si ndugu. Wamefanana kwa sababu ya kazi tu. Chavua hushika kwenye paji la uso wake, naye huipeleka ua la pili, isipokuwa siku anazoamua kuiba: ua likiwa refu kuliko mdomo wake hulitoboa kwenye kitako, akanywa bila kulipa.

Rangi ya dume inayometameta haitokani na rangi ya kawaida. Ni mpangilio wa matabaka membamba sana ndani ya manyoya unaorudisha mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo kijani kinakuwa cheusi. Jike ni wa kijivu au kijani kilichofifia, na wengi hawajui kwamba ni ndege yuleyule.

Lakini ukitaka kumjua chozi, mtazame huyo jike anapojenga. Hukusanya utando wa buibui kwa mdomo na kuufumia nyasi kavu, nyuzi za magome na majani makavu, mpaka kiota kining'inie kwenye ncha ya tawi kama kifuko kilichosahauliwa. Mlango uko ubavuni, mara nyingi una kijipaa juu yake, na chini huachwa takataka zikining'inia kama ndevu. Adui akipita huona uchafu. Utando una kazi nyingine pia: hunyumbuka makinda wanapokua.

Mayai huwa mawili kwa kawaida, naye huyaatamia kwa muda wa kama wiki mbili. Makinda hawalelewi kwa mbochi peke yake, kwa maana sukari haijengi misuli wala manyoya. Hulishwa buibui, viwavi na wadudu wengine laini, na hapo dume naye husaidia. Bustani yenye maua mengi lakini inayopigwa dawa kila wiki, na utando kufagiliwa kila pembe, humpa chozi kinywaji ikamnyima nyumba na chakula cha watoto.

Akijenga karibu na mlango wako, pita kama kawaida, atakuzoea haraka. Na makinda wakiruka, usikitoe kiota siku hiyohiyo. Kwa baadhi ya spishi hurudi humo kulala kwa usiku kadhaa.