Desemba katika kanisa la Kiunitaria: kila taa na utaratibu wake

Kanisa la Kiunitaria halina kanuni ya imani ambayo kila muumini sharti aikiri. Kwenye benchi moja unaweza kumkuta Mkristo, Myahudi, asiyeamini Mungu, na mwingine ambaye kwake kitu kitakatifu ni jua na misimu. Ndiyo maana kwa kamati ya ibada hakuna mwezi mgumu kama Desemba. Kosa linalojirudia sana kwenye makanisa yetu ya Marekani ni kutaka kumridhisha kila mtu kwa ibada moja: mti wa Krismasi mbele, hanukia (kinara cha sikukuu ya Kiyahudi ya Hanuka) kushoto, kinara cha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, kulia, dakika nane nane kila kimoja. Hapo hakuna kilichoadhimishwa. Vimeoneshwa tu, kama bidhaa za dukani. Tenga siku. Na kila taa iwashwe kama wenyewe wanavyoiwasha.

Krismasi kwetu si kitu cha kuazima. Katika koloni la Massachusetts, Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliipiga marufuku kuanzia 1659 hadi 1681, faini shilingi tano, na dharau iliendelea muda mrefu baada ya sheria kufutwa. Waunitaria ni miongoni mwa walioirudisha. Charles Follen, mhamiaji Mjerumani aliyefundisha Harvard na baadaye kuwa mchungaji wa Kiunitaria, alipamba mti kwa mishumaa katika miaka ya 1830, desturi iliyokuwa ngeni New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mchungaji Edmund Sears aliandika mwaka 1849 wimbo wa Krismasi ambao hadi leo unaimbwa na madhehebu mengi; unazungumzia amani duniani na vita vinavyoizima sauti yake.

Kilele ni ibada ya mkesha, tarehe 24 jioni. Mwishoni taa za umeme hupunguzwa, moto unachukuliwa kutoka kwenye kalisi yenye mwali (kikombe chenye moto), alama yetu iliyochorwa na Hans Deutsch mwaka 1941 kwa ajili ya kamati iliyokuwa ikiwasaidia wakimbizi Lisbon, kisha unapita mkono kwa mkono. Ni dakika chache, lakini ndizo zinazoharibika kirahisi.

Sababu ya kwanza ni namna ya kupokezana. Watu huinamisha mshumaa unaowaka, na nta iliyoyeyuka inamwagika kwenye vidole vya jirani. Tangaza kabla taa hazijapunguzwa, tena kwa maneno mafupi: unaowaka unasimama wima, usiowaka ndio unaoinama. Kila mshumaa uwe umepenyezwa kwenye kisahani cha karatasi ngumu, kisishuke chini sana. Kikishuka, nta inapita juu yake na kufika mkononi.

Ya pili ni muda. Mtu mmoja huchukua kama sekunde nne kuwasha mshumaa wake. Kwa watu 100 na chanzo kimoja cha moto, hizo ni sekunde 400, karibu dakika saba, na wa kwanza wamechoka kushika. Weka wahudumu wanne, kila mmoja na safu zake, awashie mtu wa mwanzo wa safu tu. Mtamaliza chini ya dakika mbili. Nunua mishumaa 120 kwa watu 100, kwa kuwa mingine hukatika na wageni hujaa siku hiyo. Watoto wadogo wapewe ya betri. Funga matundu ya hewa ya moto ya ukutani: upepo wake hulaza mwali, mshumaa unayeyuka upande mmoja. Acha taa ya mpiga piano na za milango ya kutokea. Ndoo mbili za mchanga zikae milangoni. Zinafaa kwa dharura, na mishumaa huzimwa humo wakati wa kutoka. Nta ikidondoka kwenye zulia, usiisugue ingali laini. Iache igande, ikwangue kwa kijiko, halafu weka karatasi ya kufyonza na upitishe pasi ya uvuguvugu.

Siku fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22, haihitaji mapambo. Boston jua huzama saa kumi na robo, kwa hiyo hata saa kumi na moja ni giza tayari. Kaeni gizani kimya dakika tatu kamili. Moja haitoshi, watu wanakuwa bado wanakohoa.

Hanuka waachieni Wayahudi wa kanisa waamue kama ifanyike hapo na vipi. Tarehe huhama: 2024 ilianza jioni ya 25 Desemba, 2025 jioni ya tarehe 14. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia lakini huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza, kwa moto wa shamashi, mshumaa wa kuwashia mingine. Pakiti huwa na mishumaa 44, inatosha usiku wote nane. Ikiwashwa Jumapili asubuhi ni mafundisho tu, kwa hiyo baraka zisisomwe. Wakati wake ni jioni.

Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, huanza 26 Desemba hadi 1 Januari, na kwa kuwa maneno yake ni ya Kiswahili, hapa mzungumzaji wa Kiswahili huitwa asaidie matamshi. Saidia, lakini usiisahihishe sikukuu yenyewe. Herufi saba za jina, pamoja na *a* ya ziada mwishoni, ni za makusudi. Ukiulizwa “Habari gani?” hujibu “nzuri”, unajibu kwa nguzo ya siku, mojawapo ya misingi saba ya sikukuu: Umoja, kesho yake Kujichagulia, mkazo kwenye *li*. Mshumaa mweusi wa katikati huwashwa siku ya kwanza, mwekundu siku ya pili, kijani ya tatu, kwa kupokezana, na ya siku zilizopita huwashwa tena. Ni sikukuu ya Wamarekani Weusi: wao ndio wawashe, hata kama katika kanisa lenu ni familia mbili tu. Na kama hakuna hata moja, kinara kibaki kabatini.