Kustahili Mkopo wa Nyumba Kijijini: Maana Yake Kando ya Ziwa Victoria

Kustahili mkopo wa nyumba ni kutimiza masharti ambayo mkopeshaji huyaangalia kabla ya kutoa fedha za kununua, kujenga au kukarabati nyumba, huku nyumba hiyo pamoja na ardhi yake ikiwekwa rehani. Mkopeshaji hutaka kujua kama kipato cha mwombaji kinaweza kubeba marejesho, kama umiliki wa ardhi unathibitika kwa maandishi, na kama dhamana itauzika endapo deni litashindikana. Mkazi wa kijijini, hata asiyedaiwa na mtu na mwenye mapato mazuri, mara nyingi hukwama kwenye ardhi.

Sababu yake imo katika historia, tukianza na ya mji wa Mwanza wenyewe. Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928 mji ukawa mlango wa kusafirishia pamba ya Usukuma. Serikali ya kikoloni ilipima viwanja pale ilipokuwa na shughuli zake, yaani kuzunguka bandari, stesheni, maghala na nyumba za maofisa, na viwanja hivyo vikapata namba, ramani na hati. Wafanyakazi na wachuuzi waliofuata kazi mjini walijijengea kwenye vilima vya mawe bila kupimiwa, na hadi Mwanza ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2000 kaya nyingi za vilimani hazikuwa na karatasi yoyote zaidi ya ile ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Kwa hiyo mpaka kati ya anayekopesheka na asiyekopesheka ulichorwa na mpima ardhi zamani sana, hata kabla ya benki kuuliza habari za kipato.

Vijijini, kuanzia Magu hadi Sengerema, historia ni nyingine. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970, watu walihamishwa kutoka kwenye makazi ya asili na kugawiwa maeneo mapya, na baadaye madai ya waliohamishwa yakagongana na ya waliopokelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ililitatua hilo kwa kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1977. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji.

Ili kijiji kitoe hati hizo, sharti mipaka yake ijulikane na kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha uhakiki hufanyika shambani. Wajumbe hutembea na mwombaji pamoja na majirani zake kufuata mpaka, ambao Usukumani mara nyingi ni mstari wa minyaa au mkonge uliopandwa na babu. Hapo ndipo mzozo huibuka: huyu anasema mpaka ni minyaa, jirani anasema ni lile jiwe lililo nyuma yake, na hatua tatu za ardhi zinaweza kuchelewesha hati kwa miezi mingi. Nashauri mwenye shamba amalize jambo hilo na jirani yake wakati wote wawili wangali hai, maana warithi huanza upya.

Kisheria, hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa mjini kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Mbele ya mkopeshaji, hata hivyo, usawa huo hupungua. Kuhamisha ardhi ya kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na wanaoruhusiwa kuinunua ni wachache kuliko wa kiwanja cha mjini, hivyo dhamana hiyo huhesabiwa kuwa ngumu kuuzika. Kwa maoni yangu, tahadhari ya kijiji ni ya haki, kwa kuwa bila hiyo ardhi ya ufukweni ingeshakwisha mikononi mwa wageni. Lakini ni lazima tukiri kwamba mkopaji ndiye anayeibeba gharama yake.

Ufukweni kuna sharti jingine linalosahauliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyojengwa ndani ya eneo hilo, hata ikiwa ya tofali za kuchoma na bati jipya, haifai kuwa dhamana, kwa sababu inaweza kuamriwa kubomolewa. Aidha, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na ridhaa hiyo inapaswa kutolewa kwa hiari baada ya mwenzi kuelezwa kiasi cha deni.

Kuhusu kipato, mtumishi wa umma hukatwa moja kwa moja mshaharani, almuradi abaki na angalau theluthi moja. Mvuvi wa dagaa hana tarehe ya mshahara. Huenda ziwani na taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hubaki nchi kavu, kwa hiyo mapato yake hufuata mwezi wa angani. Mkulima wa pamba naye huuza mara moja kwa msimu. Wote wawili wanaweza kulipa vizuri, lakini ratiba ya marejesho ya kila tarehe 30 huwaonyesha kama wadaiwa wabaya. Anayeweka akiba kwenye SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kwa mwaka mzima, na kutunza daftari la mauzo pamoja na stakabadhi za mwaloni (mahali samaki wanaposhushwa) au za chama cha ushirika cha mazao, ana ushahidi wa kuombea marejesho yanayofuata msimu, na ombi hilo alitoe kabla ya kutia saini mkataba.