Jina la asili: kwa nini si kila mvinyo wa mapovu ni shampeni

Weka chupa mbili mezani. Moja imetoka Reims, Ufaransa, nyingine imetoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Zote mbili zina kizibo kinene kilichofungwa kwa waya, na ndani ya zote mvinyo umechachuka mara ya pili humo humo chupani, hadi mgandamizo ukafika takriban mara sita ya ule wa hewa tunayovuta. Huenda hata zabibu ni za aina zilezile, Chardonnay na Pinot Noir. Lakini ya kwanza imeandikwa Champagne, jina la eneo la Ufaransa ulipo mji wa Reims, na ya pili imeandikwa Cap Classique, na mwenye hiyo ya pili akiazima neno la mwenzake hatapata ruhusa ya kuiuza Ulaya. Kinachozitenganisha ni dhana iitwayo jina la asili, ambayo wanasheria huiweka katika kundi la viashiria vya kijiografia.

Jina la asili ni jina la mahali ambalo sheria imelifanya kuwa mali ya pamoja ya wakulima na watengenezaji wa mahali hapo. Lisichanganywe na alama ya biashara. Moët, jina la kampuni mojawapo ya shampeni, ni alama ya biashara: ina mwenyewe, na mwenyewe akitaka ataiuza kesho. Champagne haiuziki na haihamishiki. Mkulima wa Reims akihamia Dodoma na miche yake, mitambo yake na mafundi wake wote, mvinyo atakaotoa unaweza kuwa mzuri kupindukia, ila jina litabaki alikotoka.

Kuwa ndani ya mipaka nako hakutoshi. Huko Champagne zabibu lazima zichumwe kwa mkono. Kilo 4,000 zikikamuliwa, hairuhusiwi kutoa zaidi ya lita 2,550 za maji yake. Chupa nayo hukaa miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa, au miaka 3 ikiwa zabibu zake zote ni za mavuno ya mwaka mmoja. Anayekiuka hanyang'anywi shamba, ananyang'anywa jina, na kwa bei za huko hilo ndilo pigo kubwa zaidi.

Matangazo ya biashara hupenda kuyapamba majina haya kana kwamba yalishuka na fahari yake tangu enzi za wafalme. Historia yenyewe ina harufu nyingine. Karibu kila mpaka ulichorwa kwa sababu watu walikuwa wanadanganya.

Chukua bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, linakotoka mvinyo wa Porto. Mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 uliupa mvinyo wa Ureno ushuru nafuu Uingereza, wakati Waingereza wakiwa wamegombana na Wafaransa. Soko likafunguka kuliko uwezo wa mashamba. Wauzaji wakaanza kuchanganya mvinyo hafifu wa kwingineko, na kuutia rangi kwa maji ya matunda meusi ya mti uitwao kwa Kireno sabugueiro ili uonekane mzito. Wanunuzi wa London walipostuka, bei ikaporomoka. Mwaka 1756 waziri mwenye mkono wa chuma, Sebastião de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliunda kampuni ya serikali, akaipa mamlaka juu ya biashara yote ya mvinyo wa bonde lile, na kuagiza mipaka iwekwe. Nguzo za mawe ya matale zilisimikwa ardhini zikiwa zimechongwa neno FEITORIA, na baadhi zipo hadi leo. Miti ya sabugueiro iliamriwa ing'olewe. Wenye vilabu vya pombe mjini Porto, walioona kampuni hiyo inawakaba koo, walifanya ghasia mwezi Februari 1757, na Pombal akajibu kwa kuwanyonga baadhi yao.

Wapo watakaokuambia Douro haikuwa eneo la kwanza la mvinyo kuwekewa mipaka, nao wana hoja: Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana huko Italia, alitaja kwa amri mipaka ya eneo la mvinyo la Chianti mwaka 1716, na eneo la Tokaj la Hungaria lilifuata mwaka 1737. Kwa maoni yangu ubishi huo hauna uzito sana. Kuchora mpaka ni jambo moja, kumweka mtu wa kuulinda ni jingine, na Pombal ndiye aliyefanya la pili kwa ukali usio na mfano.

Ufaransa ilichelewa, kisha ikashtuliwa na mdudu. Katika miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika Kaskazini, alianza kula mizizi ya mizabibu ya kusini mwa nchi, na ndani ya miongo michache mashamba mengi yalikuwa yamekwisha. Tiba iliyopatikana ndiyo inayotumika hadi leo: mzabibu wa Ulaya huunganishwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humhimili mdudu huyo. Lakini kabla ya mashamba kurudi, mvinyo uliadimika na kila mjanja akapata nafasi yake. Kuna waliotengeneza mvinyo kwa zabibu kavu zilizolowekwa majini. Kuna walioleta mvinyo wa mbali na kuubandika lebo ya Bordeaux au Burgundy, maeneo ya Ufaransa yenye sifa kwa mvinyo. Sheria ya kupambana na udanganyifu ikapitishwa mwaka 1905.

Champagne ndiko moto ulikowaka kweli. Wakulima wa wilaya ya Marne waliona matajiri wenye makampuni wakiingiza zabibu za bei poa kutoka bonde la Loire na kusini, huku zao zikiozea mikononi. Mwaka 1908 serikali ilichora mipaka, ikaiacha nje wilaya ya Aube. Watu wa Aube hawakuamini macho yao, maana mji wao wa Troyes ndio uliokuwa makao makuu ya jimbo la kale la Champagne. Januari 1911 wakulima wa Marne walivamia magari ya mizigo na maghala, wakamwaga mvinyo wa nje mtoni. Aube nao wakaandamana. Wanasiasa walipoonyesha dalili ya kuifuta mipaka, Marne ikalipuka upya: Aprili ile, katika mji mdogo wa Aÿ, maghala na nyumba za wafanyabiashara zilichomwa moto na jeshi likaingia. Aube ilipewa kwanza hadhi ya daraja la pili, na ilisubiri hadi mwaka 1927 kuhesabiwa kuwa Champagne kamili.

Aliyeonyesha njia ya utulivu ni Pierre Le Roy, mwanasheria aliyewahi kuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika kijiji cha Châteauneuf-du-Pape, mwaka 1923, yeye na wakulima wenzake walijiandikia masharti: ardhi inayofaa ni ile ambayo zaatari na lavenda huota pamoja, aina za zabibu zitajwe, na kilevi kisipungue kiwango fulani. Masharti yale yakawa kielelezo. Mwaka 1935 Ufaransa iliunda chombo cha kitaifa cha kusimamia majina ya asili, Le Roy na mwanasiasa Joseph Capus wakiwa mstari wa mbele, na Châteauneuf-du-Pape ikawa kati ya majina ya mwanzo kutambuliwa mwaka 1936.

Mwaka huohuo wa 1935 Afrika Kusini ilikubali kuacha kutumia majina ya Kifaransa kwenye mvinyo wake, ili Ufaransa iendelee kununua kambakoche wake. Ndiyo maana chupa yetu ya Stellenbosch imeandikwa Cap, yaani Rasi, jina la eneo la huko Afrika Kusini.

Kwenye pombe kali mambo ni yaleyale, ingawa uzio hupitishwa kwingine. Cognac ni mji wa wilaya ya Charente, Ufaransa; mipaka ya eneo lake iliwekwa mwaka 1909, na pombe yake huchemshwa mara mbili katika mitungi ya shaba kisha kukaa miaka isiyopungua 2 katika mapipa ya mwaloni. (Konyagi ya Tanzania, iliyolirithi jina kwa mbali, ni kinywaji kingine kabisa.) Tequila ya Meksiko, iliyolindwa tangu 1974, hutoka jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne. Bourbon nayo, wiski ya Kimarekani, si lazima itoke jimbo la Kentucky: sheria inadai tu itengenezwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51, na pipa liwe jipya lililounguzwa ndani.

Ulinzi huu wakati mwingine hufika kwenye vichekesho. Kuna kijiji cha Uswisi kiitwacho Champagne, kilichokuwa kikiuza mvinyo wake usio na mapovu kwa jina lake chenyewe. Tangu 2004 hakiruhusiwi, kwa sababu ya mkataba kati ya Uswisi na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2023 Ubelgiji iliteketeza makopo 2,352 ya bia ya Miller High Life kwa kosa la kujiita shampeni ya bia. Urusi ikaugeuza mchezo: sheria yake ya mwaka 2021 inasema neno shampanskoye ni la watengenezaji wa Urusi pekee, na chupa ya kutoka Champagne yenyewe iandikwe nyuma kuwa ni mvinyo wa mapovu.

Mnunuzi ajue basi anacholipia. Jina la asili linathibitisha kinywaji kimetoka wapi na kimepitia masharti gani. Kuhusu utamu halisemi kitu. Huko Bolgheri, pwani ya Toscana, Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet Sauvignon, zabibu ya Bordeaux, mahali ambapo hakuna sheria iliyoitambua. Mvinyo wake, Sassicaia, ulianza kuuzwa sokoni na mavuno ya 1968, ukiwa na daraja la chini kuliko yote nchini Italia, mvinyo wa mezani, huku bei yake ikiyapita majina mengi yenye ulinzi. Mwaka 1994 sheria ndiyo iliyosalimu amri, ikalipa shamba hilo jina la asili la peke yake.