Nakala ya filamu: hasa ulitazama ipi?

Mtu akikwambia filamu fulani ya kale ameipa nyota mbili, muulize kwanza: nakala ipi? Nakala ni filamu kama ilivyokufikia wewe, pamoja na urefu wake, kasi yake, muziki uliobandikwa juu yake, tafsiri inayopita chini ya skrini, na vipande vilivyokatwa njiani.

Chukua Metropolis, filamu bubu ya Kijerumani ya mwongozaji Fritz Lang. Ilipozinduliwa Berlin, Januari 1927, ilichukua kama saa mbili na nusu. Haikukaa sana ikakatwakatwa, na kwa miaka mingi karibu robo yake ilihesabiwa imepotea. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder akatoa nakala ya dakika 80 hivi, ikiwa na rangi za kupaka na nyimbo za pop. Halafu 2008, huko Buenos Aires, ikaibuka nakala ya mkanda wa upana wa milimita 16 yenye karibu kila kilichokosekana, ila imechakaa vibaya. Iliyokarabatiwa kutokana nayo ikaonyeshwa 2010. Ukiitazama, vipande vilivyorudishwa utavijua tu: mikwaruzo inashuka kama mvua. Lakini mhusika mmoja, mpelelezi mwembamba aliyekuwa akipita kama kivuli katika nakala zilizokatwa, sasa anamwandama kijana wa tajiri na unaelewa ametumwa kufanya nini. Hadithi iliyoonekana na mapengo kumbe ilikuwa imetiwa mkasi.

Kasi nayo hudanganya. Kamera nyingi za enzi za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa 24, kasi ya filamu za sauti, watu wanatembea kama wanaofukuzwa na nyuki, na msiba unageuka kichekesho. Wengi huwalaumu waigizaji kwa vituko hivyo. Jamani, si wao, ni mashine!

Tafsiri mbovu sina haja ya kuieleza, kila mtu amewahi kuona mhusika akihutubia dakika nzima huku chini pameandikwa “Ndiyo.”

Mimi kando ya nyota huandika dakika na mwaka wa ukarabati. Kwa hiyo daftari langu lina Metropolis mbili, moja nyota tatu, nyingine tano. Ile ya nyota tatu ni ya 1984, na bado huirudia nikitaka kucheka.