Jenetiki ya kinyume: dhana potofu zinazozunguka na ukweli wenyewe

Dhana ya kwanza, eti hii teknolojia ni kuunda virusi vipya kutoka patupu. Hapana jamani. Jenetiki ya kawaida inaanza na tabia ya kirusi, afu unasaka jeni inayohusika. Hii ya kinyume unaanza na jeni, unaibadilisha au unaitoa, ndo unaangalia kirusi kinakuaje. Mwaka 1981 Vincent Racaniello na David Baltimore kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, walinakili RNA ya polio (yaani maelekezo ya jeni zake) ikawa DNA, wakaiingiza kwenye seli, na polio hai ikatoka. Toka hapo wataalamu wakaweza kupima kazi ya jeni mojamoja badala ya kukisia.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii, "chanjo ya ebola inakupa ebola". Ervebo, ndo hiyo chanjo yenyewe, haina kirusi cha ebola ndani yake, sikilizeni vizuri hapa: wataalamu walitumia hiihii jenetiki ya kinyume, wakachukua kirusi kingine kabisa, VSV, ambacho kinasumbua zaidi ng'ombe na farasi, wakatoa jeni ya protini yake ya nje wakaweka ya ebola aina ya Zaire, kwahiyo mwili unaiona ile protini tu na kujifunza kupambana nayo, ebola nzima haipo na haiwezi kutokea humo. Kinachochanganya watu ni kwamba ukichanjwa unaweza kupata homa, kichwa kuuma na viungo kuuma siku kadhaa, na homa ndo dalili ya kwanza ya ebola yenyewe, sasa mtu wa Beni, kule mashariki mwa Kongo, aliyezika majirani zake asiogope vipi? Anahitaji kuelezwa mapema kabla ya sindano, sio kukaripiwa. Mlipuko ule wa huko huko Kongo, majimbo ya Kivu na Ituri, 2018 hadi 2020, walichanjwa watu zaidi ya 300,000.

Kwamba chanjo hii inabadilisha jeni zako? Hapana, kilichobadilishwa ni jeni za kirusi, tena huko huko maabara.

Na wengine wanaenda upande wa pili, eti ukishakuwa na hii teknolojia kila ugonjwa una chanjo. Wapi! Uganda 2022 ebola ililipuka Mubende ikawa ni aina ya Sudan, protini yake ya nje ni tofauti, na Ervebo iliyotengenezwa kwa ajili ya Zaire haikuwa na msaada.