Hawakuacha Wenyewe: Wapandaji Weusi wa Kentucky Derby

Jumamosi ya kwanza ya Mei, vijana ninaowafundisha kupanda farasi hapa Ngong hukesha. Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi za Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, hukimbiwa karibu saa nane usiku kwa saa zetu. Wanaitazama kwenye simu, na Jumapili asubuhi wanafika mazoezini macho mekundu, wakibishana. Hakukosi atakayesema mbio hizi ni za Wazungu tangu mwanzo. Hilo nimelizoea. Linalonikera ni lile la pili, linalotoka kwa aliyesoma kidogo: eti ni kweli zamani watu weusi walipanda Derby, lakini baadaye waliacha wenyewe, wakahamia mijini kutafuta kazi za viwandani. Mwaka huu nimelisikia tena, safari hii kwa mtu mzima mwenye farasi wake mwenyewe. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

La kwanza tulimalize upesi. Mwanzilishi wa Derby, Meriwether Lewis Clark, alikwenda Uingereza na Ufaransa mwaka 1872 kutazama mbio zinavyoendeshwa, akarudi Louisville, akapata ardhi kwa wajomba zake, John na Henry Churchill. Derby ya kwanza ilikimbiwa tarehe 17 Mei 1875, farasi 15. Kati ya wapandaji hao 15, 13 walikuwa weusi. Aliyeshinda, Oliver Lewis juu ya Aristides, alikuwa mweusi. Mkufunzi wa Aristides, Ansel Williamson, alizaliwa mtumwa. Hesabu kuanzia hapo hadi mwaka 1902, mbio 28: wapandaji weusi walishinda 15. Basi, hilo limekwisha.

Hapo huwa wananijia na jingine: mwalimu, farasi ndiye anayeshinda, mpandaji ni mzigo tu. Mwenye kusema hivyo namwomba atazame Derby ya mwaka 1891. Farasi walikuwa wanne tu. Kila mpandaji alikuwa ameagizwa akae nyuma, asiongoze. Sasa wote wanne wakikataa kuongoza, nani ataongoza? Wakaenda sambamba kama watu wanaosindikizana, mzunguko mzima. Mbio ile, maili moja na nusu, ilikwisha kwa dakika 2 na sekunde 52 na robo. Aristides mwaka 1875 alikuwa amekimbia umbali uleule kwa dakika 2 na sekunde 37 na robo tatu. Tofauti ya sekunde 14 na nusu! Katika mbio za namna hiyo, nguvu za farasi hazisemi lolote mpaka mwishoni kabisa. Kinachosema ni mtu mwenye saa kichwani, anayejua akiachia sasa farasi atafika na akiachia hatua ishirini kabla atakwisha. Aliyeachia kwa wakati wake ni Isaac Murphy, juu ya Kingman. Mkufunzi wa Kingman, ambaye pia alikuwa miongoni mwa wamiliki wake, alikuwa Dudley Allen, naye mweusi. Murphy alikuwa ameshinda mwaka 1884 na Buchanan na mwaka 1890 na Riley. Huo ulikuwa ushindi wake wa tatu wa Derby, na walikuwa wachache sana waliomwona akimchapa farasi pasipo haja.

Mwenyewe alidai ameshinda mbio 628 kati ya 1,412, yaani asilimia 44. Waliokwenda kuchambua magazeti na daftari za wakati ule wamepata 530 kati ya 1,538, asilimia 34. Mimi nashika ile ya chini, na sioni inampunguzia nini. Mpandaji wa leo akimaliza mwaka na asilimia 25 anasifiwa dunia nzima.

Sasa hilo la kuacha wenyewe.

Kwanza angalia tarehe. Watu weusi kuhama Kusini mwa Marekani kwa wingi kwenda kwenye viwanda vya Kaskazini kulishika kasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tuseme kuanzia mwaka 1916. Mweusi wa mwisho kushinda Derby ni Jimmy Winkfield, mwaka 1902. Jess Conley alimaliza wa tatu mwaka 1911. Baada yake yuko Henry King peke yake, mwaka 1921, kisha kimya mpaka mwaka 2000. Treni ya kwenda viwandani ilikuwa bado haijajaa, na matandiko yalikuwa yameshabadilisha watu.

Pili, ingia mazizini. Kama ni kweli walihama, kina nani waliobaki wakipiga farasi brashi, wakilala nao, wakiwafunga miguu bendeji? Walewale. Will Harbut ndiye aliyekuwa saisi wa Man o' War, farasi wa mbio mashuhuri, kwa miaka mingi ya uzee wake. Mwaka 1973 Secretariat alikimbia Derby kwa dakika 1 na sekunde 59.4, muda ambao haujavunjwa hadi leo, na saisi wake alikuwa Eddie Sweat. Wote wawili weusi. Watu hawakuondoka kwa farasi. Waliondolewa mahali pamoja tu, mgongoni, penye fedha na jina.

Waliondolewaje? Hapa ndipo asiyepanda haelewi, kwa hiyo nivumilieni.

Farasi wa mbio anakwenda karibu kilomita 60 kwa saa. Njia fupi ni ile ya ndani, kando ya uzio, na kila mmoja anaitaka. Umeipata. Mbele yako anakaa mmoja, anapunguza kidogo, hatua moja tu, jukwaani hawaoni. Ubavuni kwako anakuja wa pili, goti lake linagusa lako. Umeshafungiwa. Ukivuta hatamu, unamkatiza farasi shoti, na farasi aliyekatizwa zikiwa zimebaki mita 500 harudi tena kwenye mdundo wake. Ukingoja upenyo, hawaufungui. Ukilazimisha, wa ubavuni anakuegemea na mguu wako unasagwa kati ya mbavu za farasi na uzio. Nilipokuwa bado napanda nilibanwa hivyo mara moja, kwa ajali, na mtu aliyekuja kuniomba radhi baadaye. Goti lile bado linanijulisha mvua ikikaribia. Wao walifanyiwa kusudi, na juu yake wakapigwa viboko usoni, upande wa mbali wa kiwanja ambako mwamuzi anaona vumbi tu. Kamera hazikuwapo.

Kiangazi cha mwaka 1900 magazeti ya New York yaliandika waziwazi kwamba wapandaji Wazungu wameungana kuwafungia weusi nje. Chicago nako, miaka hiyohiyo, Winkfield alisukumwa uzioni, akaumia yeye na farasi wake.

Lakini viboko peke yake visingetosha, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Anayeamua nani apande ni mwenye farasi. Jiweke mahali pake. Amelipa chakula, mkufunzi na ada ya kuingia. Farasi wake amebanwa mara mbili kwa sababu ya rangi ya aliyempanda, na mara zote mbili fedha imekwenda kwa jirani. Mara ya tatu anamweka Mzungu mgongoni, na ukimuuliza atakuapia kwamba yeye hana ubaguzi, anataka kushinda tu. Pengine ni kweli hamchukii mtu. Kumi wakifanya hesabu hiyohiyo katika msimu mmoja, kijana mweusi anamaliza mwezi hajapata farasi wa kupanda, na mwakani anaambiwa haonekani kwenye matokeo. Anayeyatazama matokeo hayo miaka mia baadaye anaona jina limetoweka, anaandika: waliacha.

Na nchi nzima ilikuwa inaelekea huko. Tarehe 6 Mei 1896 Willie Simms, mweusi, alishinda Derby na Ben Brush, mwaka wa kwanza umbali ulipopunguzwa kuwa maili moja na robo. Siku 12 baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu ya Plessy dhidi ya Ferguson, iliyohalalisha kutenga watu kwa rangi. Utasema mahakama ilihusu mabehewa ya treni, si farasi. Wale waliokuwa wakiwabana wenzao uzioni walijua inahusu nini.

Nikiri jambo ambalo vitabu hupenda kuliruka. Wapo wanaosema kilichowaondoa ni leseni, kwa sababu tangu mwaka 1894 chama cha Jockey Club cha New York ndicho kilichoamua nani apande. Wapo wanaotaja sheria za kupiga vita kamari, zilizofunga viwanja vya New York mwaka 1911 na 1912, kazi zikawa haba kwa kila mtu, Wazungu wakiwemo. Yote mawili yalikuwepo. Kiboko, leseni, mfuko wa mwenye farasi, viwanja kufungwa: kipi kilichukua sehemu gani, sithubutu kugawa, na anayekugawia kwa uhakika mkamate shati akuonyeshe alivyopima. Ninachosimamia ni kwamba katika orodha yote hiyo hamna "waliacha wenyewe".

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni Winkfield mwenyewe. Alishinda mwaka 1901 na His Eminence, mwaka 1902 na Alan-a-Dale. Mwaka 1903 akawa wa pili na Early, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba alimwachia farasi mapema mno. Mtu wa rekodi hiyo alitakiwa agombewe. Badala yake, mwaka 1904 alipanda meli kwenda Urusi. Huko alishinda Derby yao zaidi ya mara moja, akapanda farasi wa matajiri, mpaka mapinduzi yakamkuta. Mwaka 1919 yeye na wenzake walitoka Odessa na farasi zaidi ya 200, wakawaswaga nchi kavu mpaka Warsaw, njaa ikawabana hadi wakachinja baadhi yao. Akahamia Ufaransa, akaendelea kupanda na kushinda, kisha akawa mkufunzi Maisons-Laffitte. Wajerumani walipoteka Ufaransa wakachukua mazizi yake. Huyo ndiye mtu wa kizazi kinachosemwa kiliwachoka farasi! Mwaka 1961 alialikwa Louisville kwenye karamu ya Derby. Mlangoni mwa hoteli akaambiwa hawezi kuingilia mbele.

Waliorudi kwenye Derby, watazame wametoka wapi. Marlon St. Julien, aliyepanda Curule mwaka 2000 na kuvunja kimya cha miaka 79, ni mtu wa Louisiana. Kevin Krigger, mwaka 2013, anatoka St. Croix, kisiwa cha Karibi. Kendrick Carmouche, mwaka 2021, ni wa Louisiana tena, na baba yake alikuwa mpandaji. Louisiana kuna viwanja vya vijijini ambako watoto hupandishwa farasi kabla hawajajua kusoma, baba akimwonyesha mwana. Pale ambapo hakuna aliyekata mnyororo huo, wapandaji weusi hawajawahi kwisha.

Kijana wangu mmoja ameniuliza kwa nini basi, tangu mwaka 1902, hakuna aliyeshinda tena. Nimemwambia ahesabu kwanza ni wangapi waliopewa farasi tangu mwaka 1921, kisha kati ya hao ni wangapi waliopewa farasi anayeweza kushinda.

Carmouche alipewa Bourbonic, farasi ambaye wachezaji kamari hawakumpa nafasi, akamaliza wa 13.